Pango lote linaishia benki, kodi ya nini tena?

Wengi wanaonunua nyumba ya kwanza ya kupangisha kwa mkopo hupiga hesabu hivi: mpangaji analipa 900 kwa mwezi, benki inachukua 900, mfukoni hakibaki kitu. Kwa hiyo, wanasema, hakuna faida ambayo serikali inaweza kuitoza kodi. Si kweli.

Rejesho la mkopo lina vitu viwili ndani yake. Chukua mkopo wa 100,000 kwa riba ya asilimia 9 kwa miaka 20. Rejesho la mwezi ni karibu 900. Mwezi wa kwanza, 750 ni riba na 150 tu ndiyo inayopunguza deni lenyewe. Riba ni gharama, na nchi nyingi huruhusu itolewe kwenye mapato ya pango. Ile 150 si gharama. Ni wewe unajinunulia nyumba kidogo kidogo, na mbele ya mtoza kodi hiyo ni faida. Ubaya wake ni kwamba riba hupungua kila mwezi huku rejesho likibaki lilelile, hivyo kodi hupanda bila wewe kuona senti ya ziada.

Matengenezo na bima mara nyingi hupunguza mzigo, uchakavu wa jengo pia: Marekani gharama ya jengo la makazi la kupangisha hugawanywa kwa miaka 27.5, na fungu la kila mwaka hutolewa kwenye mapato ya pango. Lakini usinakili hesabu za jirani wa nchi nyingine. Uingereza, tangu 2020, mtu binafsi hatoi tena riba kwenye mapato ya nyumba ya makazi. Badala yake hupewa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya riba hiyo.