Mji wa Moshi haukupewa jina na treni

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili hapa Moshi: wageni asubuhi, waongoza watalii jioni. Wikiendi nikitoka Dar kumsalimia mama narudi na treni, maana basi linanivunja mgongo. Kasoro ya treni ni moja tu. Usiku ni mrefu na jirani yako ana maneno. Atakukaribisha chungwa la Korogwe, atakuuliza kwenu wapi, na ukithubutu kusema unafundisha lugha umekwisha. Ataanza yeye kukufundisha wewe.

Safari iliyopita alikuwa mzee mmoja, mcheshi kwelikweli. "Mwalimu, unajua kwa nini mji wenu unaitwa Moshi? Garimoshi! Wachagga walipoliona linafuka wakasema, moshi, moshi!" Behewa zima likacheka na kukubali. Nimeshalisikia hilo kwa madereva, kwa wanafunzi, hata kwa waongoza watalii niliowafundisha mwenyewe, nao wanakwenda kuliuza kwa wageni kama historia. Nimechoka nalo.

Tuanze na miaka. Reli ilianzia Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi karibu miaka 20 baadaye, muda mfupi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Sasa, Mangi Meli, yaani mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Alinyongwa wapi? Moshi. Baba yake, Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara, alitawala Moshi hiyohiyo na kupokea wamisionari na wapelelezi wa Kizungu wakati reli haijawekewa hata taruma moja Tanga. Jina lilikuwepo, watu walikuwepo, vita vilishapiganwa. Treni ilikuja kwenye mji uliokwisha kuwa na jina lake.

Na kuna ushahidi mwingine ambao watu wanapita juu yake kila siku kwa daladala. Moshi ya Rindi na Meli ilikuwa juu, mgombani, kwenye mteremko wa mlima. Treni haipandi mgomba. Stesheni ikajengwa chini tambarare, na Wajerumani wakaiita Moshi Mpya, kuitofautisha na ile ya zamani. Baadaye huku chini tukaangusha neno "Mpya" tukabaki na jina tupu, na wenye jina lao kule juu ndio wakaongezewa neno wakawa Old Moshi. Hebu fikiri kidogo: kama jina lilitoka kwenye treni, kwa nini wanaoitwa "Old" ni wale ambao treni haikuwafikia?

Tena "gari la moshi" ni Kiswahili. Wazee wa kule juu walikuwa wanazungumza Kichagga nyumbani kwao, na sioni kwa nini wangeita himaya ya mangi kwa neno la watu wa pwani.

Mzee hakukata tamaa. "Basi moshi wenyewe ni wa mlima!" Nikamwambia Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haijalipuka kwa zaidi ya miaka laki moja, kwa hiyo huyo aliyeuona moshi huo hakuwa Mchagga wala Mswahili. Hapo alinyamaza, lakini kwa kumenya chungwa jingine tu.

Ushauri wangu, na wanafunzi wangu wameshaukariri hadi wananiiga: mtu akikupa asili ya neno, usimuulize linafanana na nini. Muulize mwaka. Maneno yanafanana kama watu sokoni. Kufanana pua hakumfanyi mtu kuwa mjomba wako.

Mengine ya usiku ule niliyamaliza harakaharaka, usingizi ulikuwa unanibana.

Shule inatoka kwenye Kiingereza? Hapana. Ni Schule ya Wajerumani. Neno la Kiingereza lilitupa skuli, na Wazanzibari wanalo mpaka leo.

Hela? Mjerumani tena. Mwaka 1904 walileta sarafu ya heller, mia moja kwa rupia moja. Sarafu ilikufa zamani, jina bado linatusumbua kila mwisho wa mwezi.

Daladala, eti kwa sababu nauli ilikuwa dola moja ya Marekani. Dola ya nani, jamani? Dala ilikuwa sarafu ya shilingi tano, na nauli ilikuwa hiyo tano, makonda wa Dar wakawa wanaita "dala, dala!"

Vifodi, zile daladala za Arusha? Kijana mmoja wa kiti cha mbele aliapa kwamba ni gari la milango minne, "fo-doo". Ni Ford tu, mwanangu. Magari yakaja kuwa Toyota na jina likabaki, kama vile tunavyosema garimoshi hadi leo wakati injini ni ya dizeli.

Kulipokucha tukaingia Moshi. Mimi nashuka, mzee anaendelea Arusha. Nimeshabeba mkoba, niko mlangoni, nikasikia: "Mwalimu! Na Arusha je, si kurusha? Wajerumani walikuwa wanarusha watu..."

"Shikamoo baba, tutaonana," nikasema, kisha nikashindwa kujizuia, nikarudi hatua mbili. Waarusha ni watu, baba, na walikuwa chini ya Mlima Meru kabla Mjerumani hajajenga boma pale. Na kuna Arusha Chini, kusini mwa Moshi hapa, kwenye mashamba ya miwa. Nayo huko alirushwa nani?

Treni ilishaanza kusogea. Niliruka.