Je, wajua? Mvinyo wa Warumi uliokuwa unashika moto, na haukuwa gongo

Kwenye ukuta wa baa moja ya Pompeii, mji wa kale wa Warumi huko Italia, waliandika bei ambazo mtu yeyote aliyewahi kukaa kaunta anazielewa: ukitoa as 1, ile sarafu yao ndogo, unakunywa tu, ukitoa 2 unapata cha maana kidogo, ukitoa 4 unakunywa Falernum. Huu ndo ulikuwa mvinyo wa kutambia. Ulitoka miteremko ya mlima Massico, kaskazini ya Napoli, na zabibu za katikati ya mteremko ndizo zilisifiwa zaidi. Kulikuwa na mingine yenye heshima zake, Caecubum, Setinum, Surrentinum (huu kaisari Tiberius aliuita siki ya kiungwana), ila tuiweke pembeni.

Maneno yote ya kushika moto yanatoka kwenye sentensi moja ya Plinius Mzee, mwandishi wa Kirumi, yule aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka. Anasema Falernum ndo mvinyo pekee unaoshika moto ukiusogezea mwali. Basi, kaishia hapo. Watu wakisoma hivyo wanaruka moja kwa moja: kumbe Warumi walikuwa na gongo, kumbe ndo maana walikuwa wanauzimua na maji, maana kinywaji hakiwaki mpaka kiwe na kilevi asilimia 40 kwenda juu.

Hapana, na hii inabidi tuende nayo taratibu. Mvinyo ukichachuka hamira inakula sukari ya zabibu na kutoa kilevi, halafu kilevi kilekile kinaigeukia na kuiua, kikifika asilimia 15 au 16 hamira nyingi zimeshakata roho, zile sugu zinasogea kidogo tu mbele. Kuvuka hapo lazima uchemshe, ukinge mvuke, uupoze, yaani upike gongo kweli, na huko Italia kupika mvinyo namna hiyo kunaanza kuonekana kwenye karne ya 12, zaidi ya miaka 1,000 baada ya Plinius. Na habari ya maji siyo ushahidi wa ukali, Warumi walizimua mvinyo wowote ule hata wa bei ya chini, kuunywa mtupu ilionekana ni ushamba.

Sasa uliwakaje? Ni kwamba kinachowaka siyo kimiminika chenyewe, ni mvuke unaokaa juu yake. Chukua mafuta ya taa na petroli. Petroli ukiisogezea kiberiti usiombe, inadaka kabla hata hujaigusa, lakini kijiti kikidondokea kwenye mafuta ya taa yaliyopoa mara nyingi kinazima tu, ila mafuta hayohayo yakipata joto au yakipanda kwenye utambi yanawaka vizuri kabisa. Mafuta hayajaongezewa kitu, kilichoongezeka ni mvuke (na tafadhali usijaribu hayo nyumbani). Kilevi nacho ni hivyohivyo: kinywaji cha asilimia 40 kinatoa mvuke wa kutosha kwenye nyuzi 26 hivi, joto la chumbani tu, wakati mvinyo wa asilimia 15 unataka zaidi ya nyuzi 40. Ndo maana mpishi akimwaga mvinyo kwenye kikaango cha moto mwali unapanda, na hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo Falernum, ukiwa na kilevi kuzidi wenzake, ukipata joto halafu taa ya utambi ikasogezwa, unaweza kabisa kuwaka sekunde chache huku ule wa as 1 ukigoma. Nasema unaweza, maana Plinius haelezi jaribio lilifanywaje, na anataja Falernum za aina 3, kavu, tamu na nyepesi, bila kusema iliyowaka ni ipi.

Na usidhani ulizidi kuwa mtamu kadiri ulivyozeeka. Mavuno ya mwaka 121 KK, Opimius akiwa konsuli, yaani mtawala mkuu wa Roma wa mwaka huo, yalipata jina kuliko yote, lakini Plinius akiandika karibu miaka 200 baadaye anasema mvinyo huo ulikuwa umebaki kitu kama asali nzito, mchungu, haunyweki peke yake, wanatia kidogo tu kwenye mvinyo mwingine kama kiungo. Galenus, daktari wa kaisari Marcus Aurelius, alipotafuta Falernum ya kuchanganyia dawa ya bosi wake aliingia kwenye ghala la ikulu, akasoma tarehe kwenye mitungi, akaanza kuonja ya zaidi ya miaka 20, mmoja baada ya mwingine, mpaka akapata wa zamani ambao haujaanza uchungu. Kazi ngumu hiyo, lakini lazima mtu aifanye.

Leo kuna Falerno del Massico, jina limelindwa kisheria Italia tangu 1989. Mwekundu wake hutengenezwa sana na zabibu za Aglianico, mweupe na Falanghina, na ukiusogezea kiberiti kwenye glasi hauwaki.