Historia ya kale iko mwaloni

Sisi wazazi wa Mwanza tunaofundisha watoto nyumbani husikia maneno yaleyale kila inapotajwa historia ya kale. Nimeyakusanya na kuyajibu kwa yale tuliyoyaona mimi na wanangu wawili.

"Misri ya kale huwezi kuifundisha bila vifaa vya kununua."

Karatasi ya Wamisri ilitengenezwa kwa mafunjo, na mafunjo yamejaa kandokando ya ziwa letu la Victoria, ziwa hilihili linalotoa maji ya Nile. Tulinunua mashina matano kwa mama anayesuka mikeka kule Igombe. (Tafadhali, watoto wasiingie majini kukata wenyewe: kuna kichocho, na mamba pia.) Shina la mafunjo lina pembe tatu. Ukimenya ganda la kijani unakuta moyo mweupe, laini kama sifongo. Tuliuchana kwa wembe vipande vyembamba, tukaviloweka siku tatu, tukavipanga vikigusana, halafu safu ya pili juu yake kwa kukingama. Tukaponda taratibu kwa mchi, tukafunika kwa vitambaa na kukandamiza kwa jiwe. Gundi hatukutia, utomvu wa mafunjo wenyewe ndio unaoshika.

Karatasi ya kwanza iliota ukungu kwa sababu sikubadilisha vitambaa vilivyolowa. Ya pili ilitoka, ya rangi ya majani makavu, ukubwa wa kiganja. Binti yangu aliiinua dirishani, akaona nyuzi zinavyopishana, kisha akaanza kupiga hesabu: daftari lake moja lingekula mashina mangapi?

"Kazi za mikono ni mchezo, mtoto akariri tarehe."

Kumpa mtoto picha ya farao apake rangi ni mchezo kweli, nakubali. Kazi ya mikono inakuwa somo pale inapomlazimu kutatua tatizo walilokuwa nalo watu wa kale. Mfinyanzie kibao cha udongo mbichi, umchongee tete, kisha aandike ndoo za dagaa zilizoshushwa asubuhi. Wasumeri wa mji wa Uruk, katika Iraki ya leo, walifanya hivyo yapata mwaka 3200 KK, na vibao vyao vya mwanzo vingi ni hesabu za nafaka, bia na mifugo. Mwanangu alijaribu kuchora samaki kwa mistari ya mviringo, udongo ukajikunja mbele ya tete. Akaacha kuchora, akaanza kugandamiza. Maandishi yale ya kale nayo yaliacha mviringo yakawa alama za kugandamizwa, na sasa anajua sababu.

"Piramidi zilijengwa na watumwa."

Makaburi ya wajenzi yaligunduliwa huko Giza, Misri, mwaka 1990, jirani kabisa na piramidi. Walizikwa kwa heshima, na baadhi ya mifupa yao ilikuwa imevunjika ikaungwa vizuri, dalili kwamba walitibiwa. Kazi ilikuwa ngumu, lakini watu hawa walilishwa na kutunzwa.

"Kwetu historia ilianza Speke, mpelelezi Mwingereza, alipofika mwaka 1858."

Hii ndiyo inayoniuma, kwa sababu watoto wetu huiamini mapema. Yapata miaka 2,000 iliyopita watu wa ukanda huu wa ziwa walikuwa wakiyeyusha chuma. Mabaki ya matanuri yao yamechimbuliwa Katuruka, mkoani Kagera. Vyungu vyao huitwa vya Urewe, kwa jina la mahali huko Siaya, Kenya. Vina mistari iliyochorwa kwa ustadi, na vingi vina kibonyo chini kitakoni, kana kwamba mfinyanzi alikididimiza kwa kidole.

Tulifinyanga cha kwetu, kila mtoto akaweka kibonyo chake kwa gumba. Motoni vyote viwili vilipasuka, maana tuliharakisha kuvikausha na hatukuchanganya mchanga. Vigae tumevihifadhi kwenye boksi. Udongo mpya, wenye mchanga, umefunikwa kwa gunia uani tangu juzi, na wanangu wanaufunua kila asubuhi kuupapasa.