Chana palak: usiharakishe nyanya

Chana palak ni mchuzi wa nyumbani wa Kipunjabi: dengu nyeupe zile kubwa (kwenye maduka ya Kihindi ulizia kabuli chana) pamoja na spinachi, ndani ya rojo la vitunguu na nyanya. Kinachoharibu wengi ni saa ya kutia nyanya. Uchachu wake hulifanya ganda la dengu likatae kulainika, na ukikaa na majani muda mrefu juu ya moto huyageuza rangi ya kaki. Basi dengu ziive kabisa kabla ya kuonana na nyanya, na majani yaje mwisho.

Roweka gramu 200 za dengu usiku kucha katika lita moja ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Chumvi hiyo hulegeza ganda, na maji yenyewe utayamwaga asubuhi. Suuza, tia maji mapya yazipite kwa upana wa vidole vitatu. Kama maji ya kwenu ni magumu, ongeza robo kijiko cha chai cha magadi ya kupikia. Yakizidi, dengu hunuka sabuni na kumomonyoka. Kwenye presha kuka, dakika 20 hivi tangu presha ijae, kisha iache ishuke yenyewe. Kwenye sufuria ya kawaida, saa moja hadi moja na nusu. Ibonye dengu moja kwa kidole gumba: isagike yote, pasibaki kiini kigumu katikati. Kikibaki, rudisha motoni, maana ndani ya rojo hakitaiva tena. Dengu zilizokaa dukani miaka huenda zisilainike hata ufanyeje. Supu usiimwage.

Sasa rojo. Pasha vijiko vikubwa vinne vya mafuta, tia kijiko cha chai cha bizari nyembamba nzima, na ikianza kutatarika tia vitunguu viwili vilivyokatwa vidogo. Hapa ndipo watu hukosa subira. Vikaange moto wa wastani dakika 12 hadi 15 viwe kahawia. Vikiishia njano, mchuzi utakuwa mtamutamu na mwepesi. Tia kijiko kikubwa cha tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kaanga dakika moja. Kisha nusu kijiko cha chai cha manjano, viwili vya giligilani ya unga, kimoja cha pilipili ya unga, pamoja na maji kidogo ili visiungue. Vikiungua vinakuwa vichungu, na hakuna dawa ila kuanza upya. Ndipo nyanya tatu zilizokunwa, na chumvi. Koroga mpaka rojo lishikane na mafuta yajitenge pembeni.

Mimina dengu na vikombe viwili vya supu yake. Ponda dengu chache ubavuni mwa sufuria, zitaupa mchuzi uzito bila unga wala krimu. Acha uchemke taratibu dakika 15.

Majani: gramu 300. Kinachouzwa sokoni kwetu kwa jina la spinachi mara nyingi ni ile yenye bua nene jeupe. Katakata mabua, yatangulie dakika tano. Mchicha mchanga nao unafaa sana. Chovya majani katika maji yanayochemka dakika moja, yatie kwenye maji baridi, kamua, katakata. Usipokamua, mchuzi utakuwa maji na utalaumu dengu bure. Yatie bila kufunika sufuria, dakika tatu au nne tu.

Malizia na nusu kijiko cha chai cha garam masala na majani makavu ya uwatu (kasuri methi) uliyoyafikicha viganjani. Wapunjabi huchemsha chole (dengu hizi hizi zikipikwa bila mboga) na majani ya chai ili ziwe nyeusi. Hapa sioni haja, rangi inatoka kwenye mboga. Ndimu kila mtu akamulie sahanini mwake, wala si sufuriani.