Akipinga kurudishwa, hajakimbia kesi

Kila mtuhumiwa anayetafutwa nje akikamatwa Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, magrupu ya WhatsApp ya Mbeya yanaanza: "Boda si ile pale? Wamvushe tu Nakonde, mawakili wanataka nini tena?" Jamani.

Kupigwa PI (kutangazwa mhamiaji asiyetakiwa) ni shughuli ya Uhamiaji: huna kibali, unaondoshwa. Kumrejesha mtuhumiwa nchi inayomtaka kwa kesi ni Sura ya 368, Sheria ya Extradition, na kwa kawaida faili hupita kwa waziri, huenda kwa hakimu, kisha hurudi serikalini.

Mbele ya hakimu hakuna anayeuliza kama kaua au hajaua. Je, huyu ndiye anayetafutwa? Kosa limo kwenye jedwali la sheria? Ni la kisiasa? Ushahidi ungetosha kumfikisha kizimbani kama kosa lingefanyika hapa? Basi. Maombi hukwama kwenye vitu vya aibu: hati ya kukamata ni fotokopi isiyothibitishwa, maelezo ya shahidi hayana muhuri, jina linapishana herufi moja na pasipoti. Mtaani watasema hakimu kala hela.

Hakimu akiridhika, mtu anakwenda mahabusu, ila hasafirishwi kabla ya siku 15, apate nafasi ya kuomba habeas corpus, yaani Mahakama Kuu ipime kama anashikiliwa kihalali. Miezi miwili ikipita hajachukuliwa, anaweza kuomba aachiwe. Huo ni uzembe wa wanaomtaka, msimlaumu wakili.

Sasa hiyo "wamvushe tu". Afrika Kusini waliijaribu kwa Mtanzania. Khalfan Khamis Mohamed, aliyetafutwa kwa bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam la Agosti 7, 1998, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999, akaondoshwa kama mhamiaji haramu, mikononi mwa FBI. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya huko ikasema muite kufukuza, muite kurejesha, ni mamoja: hamkuwa na ruhusa ya kumtoa bila ahadi kwamba hatauawa. Wakati huo yuko New York tayari, kesi inaendelea. Mahakama ikaagiza hukumu yake ipelekwe huko haraka. Jopo la raia wanaoamua kesi huko (jury) halikuafikiana juu ya kifo, akafungwa maisha. Kama hukumu ile ndiyo iliyomwokoa, siwezi kuapa.

Geuza boda uone ugumu wake. Kwetu, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa jaji adhabu moja tu kwa mauaji, kifo, ukitoa mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Kwamba hatujanyonga mtu tangu 1994 hakumpi jaji uhuru wowote. Zambia imeifuta adhabu hiyo Desemba 2022. Aliyeua Mbalizi, huku Mbeya, akakimbilia Nakonde, wakili wake ataanzia hapohapo, na Tanzania itadaiwa ahadi. Itolewe na nani? Jaji hawezi. Labda DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) apunguze shtaka, au Rais aahidi msamaha kabla hata kesi haijasikilizwa, jambo ambalo mimi kisheria linanipa shida kulimeza.

Tuseme waliua wawili. Mmoja alibaki Mbalizi, akahukumiwa kunyongwa. Mwenzake alikuwa na nauli ya kufika Tunduma, akarejeshwa kwa ahadi, akapata miaka. Hoja ya kumtetea wa pili ninayo, tena nzuri. Ya kumwambia mama wa yule wa kwanza sina.