Kwa nini mafuta ya kula hung'oa gundi iliyoishinda sabuni?

Mtu aliyezoea kupasua fenesi hatangulizi kisu, hutanguliza mafuta. Viganja hupakwa, kisu hupakwa, kisha ndipo tunda lipasuliwe. Na asiyefanya hivyo hujikuta baadaye akisugua ulimbo kwa sabuni na maji huku vidole vikizidi kunata. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akibakiwa na gundi ya lebo kwenye chupa tupu ya asali anayotaka kuitilia pilipili manga, hukimbilia tena sabuni na sufi ya chuma, na mwisho chupa hubaki na doa la kijivu linalokamata kila vumbi linalopita.

Kisa cha ulimbo na kisa cha lebo ni kimoja. Ulimbo wa fenesi una resini, yaani utomvu mzito unaonata, pamoja na mpira kidogo, na gundi ya utepe wa kwanza angavu wa kunata, uliobuniwa na Richard Drew wa kampuni ya Marekani ya 3M na kuingia sokoni mwaka 1930, nayo ilitengenezwa kwa mpira na resini. Siku hizi lebo nyingi hutumia akriliki, aina ya plastiki, badala ya mpira, lakini tabia haijabadilika sana: gundi ya namna hii haikauki kamwe, bali hubaki kama uji mzito mno, na ndiyo maana stika hushika papo hapo kwa kubonyezwa tu. Ukiitazama kwa undani, utakuta molekyuli ndefu zilizosokotana kama tambi sufuriani. Molekyuli za maji hupendana zenyewe kwa zenyewe kiasi kwamba haziwezi kujipenyeza katikati ya tambi hizo. Za mafuta ya kula, kwa kuwa zinakaribiana kwa asili na mpira, huingia taratibu, zikaivimbisha gundi na kuilegezea mshiko wake.

Neno la kuzingatia hapo ni "taratibu". Wengi hupaka mafuta, wakasugua mara mbili, kisha wakatangaza kwamba hayafai. Karatasi ya lebo iondolewe kwanza kwa kuiloweka katika maji ya vuguvugu, kwa sababu karatasi, tofauti na gundi, maji huimudu. Kisha gundi iliyobaki ipakwe mafuta ya alizeti, ya nazi au yoyote yaliyopo jikoni, iachwe nusu saa au zaidi. Ukirudi na kuisukuma kwa kidole gumba, utaiona ikijiviringisha kuwa vijiti vidogo vya kijivu mithili ya uchafu wa kifutio cha penseli, na hiyo ndiyo dalili kwamba mafuta yamefika chini. Kama kuna sehemu inayokataa, ikwangue kwa ukingo wa kadi ya plastiki isiyotumika tena; kisu huacha mikwaruzo. Gundi iliyokaa juani kwa miaka, kama ya stika za dirishani, huwa ngumu zaidi, kwa kuwa mwanga wa jua na oksijeni huzifunga zile tambi kwa vifundo vipya, nayo huhitaji kupashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele kabla ya mafuta. Ule unga wa soda unaotiwa kwenye vitumbua, ambao watu husifu kuuchanganya na mafuta, kwa maoni yangu hupewa sifa zisizo zake: hauyeyushi gundi, bali hukwangua kama mchanga laini, na kwenye plastiki inayong'aa huacha ukungu usiotoka.

Mafuta ya taa hufanya kazi hiyo kwa haraka zaidi, kwa kuwa ni mepesi na hupenya upesi. Hata hivyo yanawaka, yananuka, na hayafai kwa chombo cha chakula wala kwa kazi inayofanywa karibu na jiko.

Supaglu ni ukoo mwingine kabisa, na hapo mafuta hayana msaada mkubwa. Gundi hii, ambayo kwa kemia huitwa saianoakrilati, ilikutwa mwaka 1942 na Harry Coover, mkemia wa Eastman Kodak, alipokuwa akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vilengeo vya bunduki. Ilinata kila kitu, wakaiacha, wakairudia mwaka 1951, na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Wakati gundi nyeupe ya shuleni hukauka kwa kupoteza maji, supaglu hugandishwa na unyevu uliomo hewani na juu ya vitu. Ndiyo sababu vidole hushikana kufumba na kufumbua. Vidole hivyo visivutwe kwa nguvu. Viloweshwe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, vikitenganishwa kidogo kidogo. Ikiingia jichoni, mtu apelekwe hospitali.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba supaglu mbichi haipaswi kufutwa kwa pamba. Nyuzi za pamba huigandisha kwa kasi kiasi kwamba joto linalotoka linaweza kufukiza moshi na kuunguza ngozi, kwa hiyo ikikumwagikia kwenye shati la pamba, livue kwanza. Ikishaganda, kinachoilainisha ni asitoni, iliyomo katika dawa nyingi za kufutia rangi ya kucha. Kioo na chuma kisichopakwa rangi havidhuriki nayo, ila fremu ya runinga, miwani ya plastiki na meza iliyopigwa vanishi huharibika mbele ya macho yako. Vivyo hivyo bitana za asetati, kitambaa chepesi kinachong'aa ndani ya makoti, huyeyuka na kuacha tundu.

Kwa hiyo nguo ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, na kwenye kanga pindo la ndani linatosha: tone moja, kitambaa cheupe kikandamizwe juu yake, na kama rangi imehamia kwenye kitambaa hicho, jaribio liishie hapo. Chingamu haihitaji dawa yoyote, kwani barafu huigandisha ikakatika kama mkate mkavu. Gundi ya lebo ya bei iliyobaki kwenye shati hutiwa mafuta machache kwa upande wa nyuma wa kitambaa, ili isukumwe itoke nje badala ya kuzamishwa ndani. Baadaye doa la mafuta litabaki, na hapo ndipo sabuni ya vyombo, iliyoshindwa mwanzoni, hupata kazi inayoiweza: ncha moja ya molekyuli yake hushika mafuta na nyingine hushika maji, hivyo mafuta huondoka yakiwa yameibeba gundi iliyokwisha kulegea. Ipakwe kabla ya nguo kuloweshwa, isuguliwe polepole, isuuzwe, kisha nguo ianikwe bila kupigwa pasi mpaka iwe imekaguliwa ikiwa kavu, kwa sababu doa la mafuta hujificha nguo ikiwa imelowa.