Mantua: mji ulioangushwa na njaa na mbu

Nikifundisha vita vya Mapinduzi ya Ufaransa, wanafunzi husubiri kusikia habari za kuta zilizobomolewa na askari wanaopanda ngazi. Mimi huanza na maji. Mantua, kaskazini mwa Italia, uko kwenye mto Mincio, na tangu mhandisi Alberto Pitentino alipoupangia mto huo mabwawa katika karne ya 12, mji ukawa kama kisiwa. Mwaka 1796 ulikuwa na maziwa pande mbili na vinamasi upande wa kusini. Njia za kuingilia zilikuwa tano tu. Ngome gani nzuri kuliko hiyo? Lakini njia tano ni rahisi kuzibwa.

Mji ulikuwa mikononi mwa Austria. Napoleon Bonaparte, jemadari wa Ufaransa, akiwa na miaka 26, aliuzingira mwezi Juni. Tarehe 31 Julai ikambidi aondoke mbio kwenda kumkabili jemadari wa Austria, Wurmser, na akaacha nyuma mizinga 179. Alishinda kule Castiglione, akarudi, lakini mizinga mizito hana tena. Hapo ndipo kuvunja kuta kulipokwisha na kungojea kukaanza.

Wurmser alirudi Septemba, akapigwa Bassano, na badala ya kukimbilia kwao akapenya hadi ndani ya Mantua na maelfu ya askari wake. Watu humsifu kwa ujasiri huo. Mimi naona ndiyo siku mji ulipopotea. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikaa zaidi ya miezi minne, na jembe halikuwapo wala shamba. Walikula farasi wao wenyewe wa vita.

Halafu homa. Wakati ule walilaumu hewa ya vinamasi, na jina malaria lenyewe ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Daktari Mwingereza Ronald Ross alimwona mdudu wa malaria ndani ya mbu mwaka 1897, miaka 100 kamili baada ya Mantua kuanguka. Homa haikuchagua upande: Jenerali Sérurier, aliyesimamia mzingiro, aliugua akalazimika kuwaachia wengine kikosi chake. Ndani ya kuta, wagonjwa walikufa kwa maelfu.

Austria ilijaribu tena mara mbili kuuokoa mji, ikashindwa Arcole mwezi Novemba na Rivoli mwezi Januari. Provera, jemadari mwingine wa Austria, alifika karibu kabisa na kuta, akasalimu amri pale La Favorita tarehe 16 Januari.

Tarehe 2 Februari 1797 Wurmser, mzee wa miaka 72, akasalimu amri naye. Aliruhusiwa kutoka huru, kwa heshima za kijeshi. Bonaparte hakuwepo kumpokea, alikwisha kwenda kupambana na majeshi ya Papa. Aliyesimama pale kupokea mji alikuwa Sérurier, yule wa homa.